Gibbs, profesa aliyefundisha bila mshahara

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemikali, jina lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa Gibbs. Kila ukurasa wa somo la themodinamiki alikuwamo. Nikadhani alikuwa tajiri mwenye viwanda. Kumbe wapi!

Josiah Willard Gibbs alizaliwa New Haven, Marekani, mwaka 1839. Mwaka 1863 Chuo Kikuu cha Yale, palepale mjini, kilimtunuku udaktari wa uhandisi kwa utafiti wa meno ya gia. Mwaka 1866 akaenda Ulaya, akasoma Paris, Berlin na Heidelberg, na mwaka 1869 akarejea kwao. Miaka miwili baadaye Yale ikamteua profesa, ila mshahara hakuna. Kwa takriban miaka tisa akafundisha hivyo hivyo, akila urithi wa wazazi wake.

Ni katika miaka hiyo, 1876 na 1878, alipochapisha kazi yake kubwa, katika jarida la jimboni kwao lililosomwa na wachache. Humo alionyesha, kwa mfano, kwamba maji yakichemka, mgandamizo wa hewa ndio unaoamua joto lake. Aliyewahi kupika maharage milimani anajua yanavyochelewa kuiva.

Mwaka 1880 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore kikamwita kwa dola 3,000 kwa mwaka. Yale ndipo ikazinduka, ikampa dola 2,000. Akabaki. Mimi niliyerudi nyumbani kwa mshahara mdogo, tena kwa kunung'unika, bado namstaajabia.

Alifariki mwaka 1903, New Haven.