Nikolai Vavilov, Mtunza Mbegu

Huko Isingiro, katika nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa, mpilipili mdogo huweza kuota kando ya shamba la migomba, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu. Matunda yake ni madogo, mekundu na makali sana. Watu huyaita pilipili kichaa. Je, ni nani aliyeupanda mpilipili huo? Ni ndege. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Humeza matunda, huruka, na kuziangusha mbegu mahali pengine pamoja na kinyesi chao.

Hata hivyo, chimbuko la mpilipili si Afrika. Mmea huu ulitoka bara la Amerika, ukaletwa na mabaharia wa Ulaya baada ya mwaka 1492. Mahindi na maharage pia yalitoka huko. Migomba ilitoka Asia. Kahawa ya arabika ilianzia Ethiopia. Tumeyajuaje mambo haya? Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kutafuta chimbuko la mimea ni Nikolai Vavilov.

Utoto na masomo

Vavilov alizaliwa Moscow, nchini Urusi, tarehe 25 Novemba 1887. Baba yake alizaliwa katika familia ya wakulima maskini, kisha akawa mfanyabiashara. Katika Urusi ya siku zile mvua ikikosekana mazao yaliharibika, na vijiji vizima vilikumbwa na njaa. Nikolai alichagua kusoma kilimo katika chuo cha Moscow. Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kujifunza jinsi sifa za mimea zinavyorithiwa, yaani zinavyotoka kwa mzazi na kwenda kwa mtoto.

Mwaka 1917 akawa mwalimu katika chuo cha mji wa Saratov. Mwaka 1921 ukame mkali uliikumba nchi yake, na mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Vavilov aliamini kwamba dawa ya njaa ilikuwa mbegu bora: mbegu zinazovumilia ukame, baridi na magonjwa. Lakini mbegu hizo zingepatikana wapi?

Safari za kutafuta mbegu

Vavilov alifikiri hivi. Mahali ambapo watu walianza kulima mmea fulani zamani sana, ndipo penye aina nyingi za mmea huo, pamoja na ndugu zake wa porini. Mmea wa porini huenda una matunda madogo yasiyo na faida sokoni. Lakini umeishi bila kumwagiliwa wala kupaliliwa, na huenda una nguvu ambayo mmea wa shambani umeipoteza. Mkulima mtaalamu anaweza kuichanganya mimea hiyo miwili, akapata mbegu mpya yenye sifa za wote wawili.

Basi akaanza kusafiri. Mwaka 1924 alizunguka Afghanistan. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, nchi iliyoitwa pia Uhabeshi. Alipanda milima pamoja na msafara wa nyumbu na wapagazi, akakusanya maelfu ya sampuli za ngano, shayiri na mazao mengine. Mbegu nyingi alizipata kwa wakulima wenyewe, mashambani na sokoni. Hao ndio waliozichagua na kuzitunza kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1930 alikwenda Mexico na Amerika ya Kati. Huko aliona aina nyingi za mahindi, maharage na pilipili, akatambua kwamba chimbuko la mazao hayo ni sehemu hizo.

Si mawazo yake yote yaliyothibitika. Kwa mfano, leo tunajua kwamba ngano ilianza kulimwa Mashariki ya Kati, ingawa Ethiopia ina aina nyingi za ngano. Lakini njia aliyoionyesha bado inafuatwa na wataalamu.

Ghala la mbegu

Mbegu zote zilipelekwa katika taasisi aliyoiongoza mjini Leningrad, ambao leo huitwa Saint Petersburg. Kufikia mwaka 1940 zilikuwa zaidi ya sampuli 200,000. Kuziweka ghalani tu hakukutosha. Mbegu ni kitu chenye uhai. Ndani yake mna kiinitete, na baada ya miaka kadhaa kiinitete hicho hufa. Kwa hiyo kila baada ya muda mbegu zilitolewa, zikaoteshwa, zikapandwa shambani na kuvunwa upya. Mbegu zisipooteshwa kwa wakati, aina yake hupotea.

Kifungo na vita

Wakati huo mtu mmoja aliyeitwa Trofim Lysenko aliwaahidi viongozi mavuno makubwa kwa muda mfupi. Alikana elimu ya urithi. Vavilov alijua kwamba jambo hilo si kweli, naye alikataa kulikubali ingawa serikali ya Stalin ilimwunga mkono Lysenko. Mwezi wa Agosti 1940 Vavilov alikamatwa akiwa safarini kukusanya mimea. Alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alifariki tarehe 26 Januari 1943 katika gereza la Saratov, mji ule ule alikofundisha. Alikufa akiwa amedhoofika kwa njaa. Mwaka 1955 mahakama ilitamka kwamba hakuwa na kosa.

Alipokuwa kifungoni, Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliufikia mji wa Leningrad. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na chakula kikaisha. Wafanyakazi wa taasisi walibaki humo na magunia ya mpunga, ngano na karanga, lakini hawakuzila mbegu zile. Dmitri Ivanov, aliyetunza mpunga, na Alexander Shchukin, aliyetunza karanga, walikufa kwa njaa pamoja na wenzao kadhaa. Mbegu zilisalimika. Baada ya vita zilitumika kuzalisha mazao mapya.

Leo nchi nyingi zina hifadhi za mbegu. Hifadhi ya Tanzania ipo Arusha.

Jaribio: Kuotesha mbegu za pilipili kichaa

Karagwe na Kyerwa zipo juu sana kutoka usawa wa bahari, na usiku huwa na baridi. Je, joto husaidia mbegu kuota?

1. Chuma matunda yaliyoiva kabisa. Toa mbegu na uzianike kivulini kwa siku chache. Nawa mikono kwa sabuni, wala usishike macho.
2. Toboa matundu chini ya makopo mawili. Jaza udongo laini uliochanganywa na mboji.
3. Panda mbegu 10 katika kila kopo, kina kisichozidi sentimita 1. Mwagilia kidogo. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.
4. Weka kopo moja mahali penye joto, na jingine mahali penye baridi.
5. Hesabu miche kila siku na uandike katika daftari. Usikate tamaa. Mbegu za mimea ya porini hazioti zote kwa pamoja. Nyingine huchukua wiki nne au zaidi.

Maswali

1. Kwa nini ndege wanafaa kueneza mbegu za pilipili?
2. Kwa nini mbegu zilizo ghalani huoteshwa upya kila baada ya muda?
3. Mmea wa porini una faida gani kwa mkulima?
4. Waulize wazee wa nyumbani: ni aina gani za maharage au ndizi zilizolimwa zamani na sasa hazionekani?