Kabla ya kubadilishiwa nyonga, mfahamu John Charnley

Kama wewe au mzazi wako mna maumivu ya nyonga au goti yasiyoisha, huenda mmeshasikia kliniki habari za kiungo bandia. Wapo wanaoogopa, wakiamini kwamba ukishapasuliwa ndiyo mwisho wa kutembea. Wapo pia wanaotaka wafanyiwe wiki hiyo hiyo, wakidhani kiungo cha chuma hakichakai. Wiki hii nakuletea maisha ya daktari aliyeifanya operesheni hii iaminike, kwa sababu makundi yote mawili yana cha kujifunza kwake.

John Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, kaskazini magharibi mwa Uingereza, eneo lililojaa viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa mfamasia na mama yake muuguzi. Alisomea udaktari Manchester, akahitimu mwaka 1935, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25 tu, akafaulu mtihani wa juu wa madaktari wapasuaji.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimpeleka jeshini mwaka 1940. Alikuwepo Dunkirk wakati majeshi ya Uingereza yakiokolewa kwa meli, kisha akapelekwa Misri. Huko alishirikiana na mafundi wa karakana za jeshi kubuni vifaa vya kushikiza mifupa iliyovunjika. Tabia hiyo ya kukaa na mafundi haikumtoka maisha yake yote, na utaona mbele ilivyomfaa.

Baada ya vita alitaka kujua kipande cha mfupa kilichopandikizwa huungaje na mfupa wenyeji. Akamwomba daktari mwenzake ampandikize yeye mwenyewe kwenye mfupa wa mguu chini ya goti. Maambukizi yakaingia ndani ya mfupa, na daktari akageuka mgonjwa. Hakuna daktari wa leo angeruhusiwa kufanya jaribio kama hilo, lakini lilimfundisha mapema jinsi usaha ndani ya mfupa ulivyo adui mkubwa.

Nyonga iliyolia mezani

Ndani ya nyonga yako kuna kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya tundu. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Gegedu likichakaa, mfupa husuguana na mfupa. Katika miaka ya 1950 mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na njia chache: kuvumilia na magongo, kukatwa mfupa ili uelekezwe upya, au kugandishwa kiungo ili kisikunjike tena. Maumivu yaliisha, lakini na mwendo pia uliisha.

Madaktari wengine walikuwa wamejaribu viungo bandia. Charnley alikutana na mgonjwa aliyewekewa kichwa cha nyonga cha plastiki ngumu, aina iliyobuniwa Ufaransa. Kila mgonjwa huyo alipoinama mbele, nyonga ililia kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, na mkewe hakuweza kuvumilia kukaa naye mezani. Wengine wangecheka wakaendelea na kazi. Charnley alijiuliza kwa nini inalia, akagundua kwamba kelele ile ni dalili ya msuguano mkubwa, na kwamba msuguano huo hulegeza kiungo kutoka kwenye mfupa. Alipopima viungo vya asili maabara, alikuta gegedu lenye afya linateleza kuliko barafu.

Akaamua kutengeneza nyonga yenye msuguano mdogo kabisa. Kichwa kikawa cha chuma, kidogo, cha milimita 22 hivi. Tundu likawa la Teflon, ile ile unayoijua kwenye vikaango visivyoshika chakula. Ili vikae imara, alitumia plastiki ya mafundi wa meno bandia, inayochanganywa laini kisha ikakauka na kujaza nafasi kati ya chuma na mfupa, kama fundi ujenzi anavyojaza zege.

Matokeo ya mwanzo yalishangaza. Watu waliolala kitandani miaka walisimama bila maumivu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1962, wagonjwa wapatao 300 waliwekewa nyonga za Teflon.

Kisha ubaya ukaonekana. Ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, Teflon ilianza kulika. Kichwa cha chuma kilizama ndani ya plastiki, na vumbi lake likawasha nyama na kula mfupa. Maumivu yakarudi. Charnley hakuficha. Aliwarudisha wagonjwa wake chumba cha upasuaji mmoja baada ya mwingine kuondoa alichokiweka kwa mikono yake, na akawaeleza madaktari wenzake kwamba Teflon imeshindwa.

Ufumbuzi ulikuja kupitia fundi. Mwaka 1962 mchuuzi wa plastiki za mashine za kufumia nguo alifika kwenye maabara ya Charnley katika hospitali ya Wrightington, karibu na Wigan. Fundi wa maabara, Harry Craven, akapokea kipande cha polietilini nzito, plastiki ya ukoo mmoja na ile ya madumu ya maji, lakini ngumu zaidi. Charnley hakuitilia maanani. Craven akaiweka kwenye mashine ya majaribio hata hivyo. Baada ya wiki tatu za kusuguliwa usiku na mchana, ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja.

Hata hapo Charnley hakukimbilia wagonjwa. Aliingiza chembe za Teflon na za plastiki mpya kwenye paja lake mwenyewe akasubiri. Penye Teflon pakavimba vinundu, penye polietilini pakatulia. Novemba 1962 akaanza kuitumia kwa wagonjwa, na kwa miaka kadhaa hakuruhusu nyonga yake iuzwe kwa kila mtu. Daktari aliyeitaka alipaswa kwanza kwenda Wrightington kujifunza.

Alipambana pia na maambukizi. Mwanzoni takriban wagonjwa 7 kati ya kila 100 walipata usaha kwenye nyonga mpya. Kwa msaada wa mafundi wa mitambo ya kuchuja hewa, alijenga chumba cha upasuaji kinachopitisha hewa safi muda wote, akabuni mavazi yanayoondoa pumzi ya madaktari. Pamoja na hatua nyingine za usafi, maambukizi yakashuka hadi chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Jambo la mwisho ni hili. Aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba siku wakifariki, nyonga ile itolewe na kurudishwa kwake aichunguze imelika kiasi gani. Wengi walikubali. Alipewa heshima ya Sir mwaka 1977, akafariki Agosti 5, 1982 akiwa na miaka 70. Mpangilio wake wa kichwa cha chuma ndani ya tundu la polietilini bado unatumika duniani, nchini kwetu pia, na magoti bandia yanatumia plastiki ya ukoo huo huo.

Funzo kwako

Mtu aliyeijua nyonga bandia kuliko wote aliiona kama kitu kinacholika. Ndiyo maana alisita kuwawekea vijana, na aliiweka kwa wale ambao njia nyingine hazikuwafaa tena. Leo vifaa ni bora zaidi: zaidi ya nusu ya nyonga bandia hudumu miaka 25, na kwa magoti ni karibu 8 kati ya 10. Lakini bado vinalika. Kila mwaka unaoweza kuishi vizuri na kiungo chako mwenyewe ni faida.

Anza mapema, maumivu yakiwa bado ya kupanda ngazi na kuinuka kitini. Punguza uzito kama umezidi: kila kilo moja unayopoteza hupunguza takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Imarisha misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti mpaka mguu uwe sawa, hesabu hadi tano, shusha taratibu, rudia mara kumi kwa kila mguu, kila siku. Tembea. Goti lenye yabisi linalokaa bila kutumika hudhoofika haraka zaidi. Shika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima, usione aibu.

Usinunue vidonge vya diklofenaki mfululizo dukani bila kupimwa. Vinatuliza, lakini vinaweza kukuachia vidonda vya tumbo na figo mbovu. Ogopa zaidi dawa za unga au za maji zisizojulikana zinazoondoa maumivu usiku mmoja. Baadhi huchanganywa na steroidi kwa siri, na steroidi za muda mrefu zenyewe zinaweza kuua kichwa cha mfupa wa nyonga.

Kwa mzazi

Nyonga ya mtu mzima huweza kuharibika tangu utotoni. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyagia mguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache. Kumkanda kwa maji moto nyumbani ni kupoteza muda. Mtoto mwenye selimundu anayelalamikia nyonga au anayechechemea apigwe picha mapema, kwa kuwa damu inaweza kuwa haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa. Na kumbuka, maumivu ya nyonga kwa mtoto mara nyingi husikika gotini. Goti likionekana zima, mwombe daktari aangalie na nyonga.

Wakati wa operesheni ukifika

Utaujua wakati huo kwa maisha yako kuliko kwa picha ya eksirei. Kama maumivu yanakuamsha usiku, huwezi kuvaa viatu wala kwenda sokoni au msikitini au kanisani, na umeshafanya mazoezi, kupunguza uzito na kutumia dawa ipasavyo kwa miezi bila nafuu, zungumza na daktari bingwa wa mifupa. Kusubiri mpaka uwe wa kitandani nako ni hasara, kwa sababu misuli iliyolegea huchelewesha kupona.

Kabla ya tarehe, tibu jino bovu, jipu, kidonda cha mguu na maambukizi ya mkojo, na hakikisha sukari imedhibitiwa. Vyote hivyo vinaweza kupeleka vijidudu kwenye kiungo kipya.

Baada ya operesheni utasimamishwa siku hiyo au kesho yake, na mazoezi yataendelea kwa miezi. Ukiona homa, jeraha linatoa maji, au mguu umevimba ghafla, rudi hospitali bila kusubiri tarehe.

Na hata usiposikia maumivu yoyote, usiache kwenda kliniki. Plastiki inaweza kulika na mfupa ukaliwa polepole bila wewe kuhisi, na picha ndiyo inayoonyesha mapema. Tunza karatasi yenye jina la kiungo ulichowekewa na tarehe, pamoja na picha zako za zamani. Daktari atakayekuona miaka 15 ijayo atazihitaji.