Louis Pasteur: kioo, moto na mate ya mbwa mwenye kichaa

Jina la Louis Pasteur munalisikia tangu masomo ya msingi, lakini wengi wetu tunalijua paka kwa maziwa na chanjo. Leo tunawaletea maisha yake kupitia kitu kidogo ambacho kiko karibu katika kila labo ya hapa Lubumbashi: murija mwembamba wa kioo.

Juzi niliingia katika labo moja ndogo ya mtaa, umeme umekatika sawa kawaida. Mzee wa labo aliwasha taa ya alkoli. Alishika murija wa kioo kwa mikono miwili, akauzungusha polepole juu ya moto mpaka katikati pakawa laini, akautoa, halafu akavuta. Kioo kilirefuka sawa vile asali inapodondoka kwenye kijiko. Alipokikata katikati, alikuwa na vipipeti viwili vyenye ncha nyembamba. Njo hizo zinaitwa pipeti za Pasteur. Nilijaribu na mimi. Nilivuta kioo kikiwa bado ndani ya moto, kikakatika, kidole kikaungua. Kumbe unatoa kwanza, halafu unavuta. Ukivuta haraka ncha inakuwa nyembamba, ukivuta polepole inabaki nene.

Siku hizi kuna mashine za kazi hiyo. Zinashika murija, zinaupasha moto kwa waya mdogo unaowaka, kisha zinauvuta kwa nguvu ileile kila mara. Ncha inaweza kuwa chini ya mikroni moja, na mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Kwa sindano za namna hiyo wachunguzi wanadunga mayai ya mbu, na waganga wanaingiza mbegu ya baba ndani ya yai la mama kwa wale waliokosa mtoto. Lakini msingi ni uleule: joto na kuvuta.

Pasteur alizaliwa Dole, mashariki ya Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822. Baba yake alikuwa askari wa zamani wa Napoléon, na kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za nyama. Kijana alipenda kuchora, kisha akaenda Paris kusoma kemia. Hapa watu wengi wanakosea: Pasteur hakuwa munganga. Alikuwa mtu wa kemia, na jambo hilo litamletea shida baadaye.

Kazi iliyomjulisha kwa watu wote ilikuwa ya kioo. Wakati ule wakubwa wa sayansi wengi waliamini kwamba vijidudu vinazaliwa vyenyewe ndani ya supu iliyooza. Félix Pouchet, wa mji wa Rouen, alikuwa wa mbele katika kutetea wazo hilo. Pasteur alitia supu ndani ya chupa, akapasha shingo ya chupa moto, akaivuta ikawa ndefu, nyembamba na yenye kujipinda sawa shingo ya bata. Kisha akachemsha supu. Hewa iliingia bila kizuizi, lakini vumbi lilinasa kwenye ile kona. Supu ilikaa miezi bila kuoza. Alipovunja shingo, siku chache tu na supu ikachafuka. Kwa hiyo vijidudu vilikuwa vinatoka inje, pamoja na vumbi. Mwaka wa 1862 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpa zawadi kwa kazi hiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Yeye na mke wake Marie walizaa watoto watano, na mabinti watatu walikufa wadogo. Wawili waliondoka na tifoide. Hapa kwetu, ambako maji ya kisima na tifoide vinatembea pamoja, hakuna mzazi anayehitaji kuelezewa uchungu huo.

Mwaka wa 1868, akiwa na miaka 45, damu ilimpanda kichwani na upande wa kushoto ukapooza. Alipona kidogo, lakini mkono wa kushoto haukurudi sawa. Fikiria: kuvuta kioo kunataka mikono miwili. Tangu siku hiyo kazi nyingi za mikono zilifanywa na wasaidizi wake, kama Émile Roux na Charles Chamberland. Vitabu vingi vinamtaja yeye peke yake, na kwa maoni yangu hiyo si haki. Tena si jambo hilo tu. Mwaka wa 1881, huko Pouilly-le-Fort, alionyesha watu chanjo ya kimeta kwa kondoo, na kondoo waliochanjwa wakapona. Madaftari yake, ambayo familia iliyafungia miaka mingi, yameonyesha kwamba ile chanjo ilitengenezwa kwa njia ya Chamberland. Pasteur aliacha watu waamini ni njia yake mwenyewe.

Halafu kukaja kichaa cha mbwa, ambacho wengi tunakiita raje. Inasimuliwa kwamba wasaidizi walifunga mbwa mkali mwenye raje juu ya meza, na Pasteur akaweka murija wa kioo kati ya midomo yake, akainama karibu na meno ya mbwa na kuvuta mate. Tone moja tu likipanda mpaka kinywani, angekufa. Leo kuvuta pipeti kwa kinywa kumekatazwa katika labo, kunatumika kijimpira.

Kile walichokuwa wanatafuta hakikuonekana kwa mikroskopi, sababu kilikuwa kidogo mno. Basi walikipitisha kutoka sungura hadi sungura, kisha wakakausha uti wa mgongo wa sungura ndani ya chupa mpaka nguvu yake ikapungua. Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja wa Alsace alileta mtoto wake, Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mara nyingi siku mbili mbele. Roux alikataa kushiriki, aliona bado mapema. Pasteur, kwa kuwa si munganga, hakuwa na ruhusa ya kudunga. Munganga Grancher alidunga, sindano 13 kwa siku kumi hivi. Mtoto alipona. Baadaye mtoto mwingine, Louise Pelletier, aliletwa siku 37 baada ya kuumwa, akafa.

Tofauti ya Joseph na Louise iko palepale hata hapa Katuba, Kenya au Ruashi, ambako mbwa wanazunguka usiku bila mwenyewe. Raje ikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini kidonda kikioshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mtu akaenda hospitali siku ileile kwa chanjo, anaokoka. Kungojea kuona kama mbwa atakufa kwanza ni kupoteza siku. Ulimwenguni raje inaua karibu watu 59.000 kila mwaka, na karibu nusu yao ni watoto. Siku ya ulimwengu ya kupigana na ugonjwa huo ni tarehe 28 Septemba, siku Pasteur alipofariki.

Baada ya Joseph, watu walitoa feza toka inchi nyingi, na Institut Pasteur ikafunguliwa Paris tarehe 14 Novemba 1888. Matawi yakaenda mbali. Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, ilipata yake mwaka wa 1908. Pasteur mwenyewe alikufa mwaka wa 1895, na kaburi lake liko chini ya nyumba ya ile institut. Kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka wa 1940, mlinzi wa mlango pale alikuwa Joseph Meister.