Mfalme Solomoni: Mwalimu Aliyeijua Njia



Mnamjua Solomoni kwa hekima. Leo tumtazame kama mume.

Mama yake alikuwa Bathsheba. Daudi alimtamani akiwa mke wa Uria, akamchukua, na alipopata mimba, Daudi akapanga Uria auawe vitani. Mtoto yule alifariki. Solomoni alizaliwa baadaye, katika nyumba iliyokwisha kuonja gharama ya tamaa.

Alianza kutawala yapata mwaka 970 Kabla ya Kristo, akatawala miaka 40, akajenga Hekalu la Yerusalemu kwa miaka 7.

Kitabu cha Methali kina jina lake, ingawa wataalamu wa Biblia hutueleza kwamba mafundisho yake yalikusanywa kwa karne nyingi. Someni pamoja sura ya 5 hadi ya 7. Mwalimu anachungulia dirishani, anamwona kijana akipita jioni karibu na nyumba ya mke wa mtu. Mume yuko safarini. Mwanamke ana maneno laini na kitanda chenye manukato. Kijana anafuata, haoni kwamba anakwenda machinjioni. Lakini angalieni dawa anayotoa mwalimu. Hamwambii mume akimbie tu. Anamtaka afurahie mwili na mapenzi ya mkewe wa ujana, kisima chake mwenyewe. Wala haoni haya kulitaja jambo hilo. Sisi je, tunalizungumza nyumbani?

Solomoni alimwoa binti Farao ili kupatana na Misri. Wakafuata wengine wa mataifa jirani, hata wakafika wake 700 na masuria 300. Nikitaja hesabu hii katika mafundisho ya ndoa, wanaume hucheka. Wake zao hawacheki.

Yeye hakuanguka jioni moja kama yule kijana. Alilegea kidogo kidogo, na Biblia inasema moyo wake uligeuka uzeeni. Kwa hiyo wewe mwenye watoto wakubwa, usidhani umeshavuka mto.

Juu ya mlima ulio mashariki ya Yerusalemu, mbele ya Hekalu alilolijenga mwenyewe, akaweka mahali pa kuabudia miungu ya wake zake. Alipokufa, makabila 10 yalimwacha mwanawe Rehoboamu. Mahali pale pa ibada palibaki karibu miaka 300, hadi Mfalme Yosia alipopaharibu.