Bibi Harriet Powers, Mshonaji wa Mifarishi

Wako wenzetu wanaodhani kwamba kuunganisha vipande vya nguo ni kazi ya mtu asiye na kazi. Kwa ajili yao nimeona nilete habari za Bibi Harriet Powers wa Marekani, ambaye sifa zake zote zimetokana na vipande vya nguo, sindano na uzi.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1837 karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia, naye alizaliwa mtumwa. Mwaka 1855 aliolewa na Armstead Powers, wakajaliwa watoto. Utumwa ulipokomeshwa nchini mwao mwaka 1865, mke na mume hawa waliishi kwa kulima, na baadaye wakapata shamba dogo lililokuwa mali yao wenyewe.

Kazi iliyompa jina ni kushona mifarishi. Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika, yenye tabaka tatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, na chini bitana. Tabaka hizo hushonwa pamoja ili pamba isikusanyike mahali pamoja. Bibi Harriet alikata sura za watu, wanyama na nyota, akazishona juu ya kitambaa kingine. Wataalamu wameufananisha ushonaji huo na ule wa Dahomey, Afrika Magharibi.

Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake katika maonyesho ya Athens. Ulikuwa na picha 11 za visa vya Biblia, tangu Adamu na Hawa. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliupenda akataka kuununua. Bibi akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimbana, akaenda kwa gari la ng'ombe, mfarishi ukiwa ndani ya mfuko wa unga. Alitaka dola 10, akapewa 5. Mumewe alimshauri akubali, naye akakubali kwa uchungu. Lakini kabla ya kuondoka alieleza maana ya kila picha, na mwalimu yule akayaandika maelezo yake. Hata baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama tu.

Mfarishi wake wa pili una picha 15. Humo alitia pia mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa, kama vile siku ya giza ya mwaka 1780 na usiku wa mwaka 1833 ambapo vimondo vilianguka kwa wingi. Mimi naona hapo alikuwa akiandika historia kwa kitambaa. Alifariki mwaka 1910. Mifarishi hiyo miwili ndiyo pekee ya mkono wake inayojulikana leo: wa kwanza umehifadhiwa Washington, wa pili Boston.

Mfarishi wa kwanza una mishono ya mkono na ya cherehani pia. Basi, kwa kuwa ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wanaanza kushona vipande kwa cherehani, nawaomba washike haya. Kateni vipande vyote kwa kipimo kimoja, na kila mshono uache robo inchi pembeni, maana kosa dogo likirudiwa mara ishirini huupinda mfarishi wote. Unganisheni vipande viwili viwili, kisha safu kwa safu, na kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mwingine.

Kuhusu cherehani yenyewe, kunjeni mikono ya nguo na kufunga nywele, zisije zikanaswa na gurudumu. Vidole vikae mbali na sindano. Mguu uondoke kwenye kanyagio kabla ya kutunga uzi au kubadili sindano. Na kama cherehani ni ya umeme, izimwe kwanza. Chomoeni kila pini kabla haijafika chini ya sindano, kwa sababu sindano ikigonga pini huvunjika, na kipande chake chaweza kuruka machoni. Wala msivute kitambaa kwa nguvu. Kiongozeni tu, mashine itakipeleka yenyewe.

Ndugu zangu, dola 5 zile zilikwisha zamani. Kilichobaki ni mfarishi pamoja na maana yake, kwa sababu mshonaji alisema na msikilizaji akaandika. Pasipo maelezo yale, picha nyingi tungekuwa tukizibahatisha tu. Kwa hiyo nawasihi: amalizaye kazi yake, hata kama ni mto mdogo wa viraka, aandike jina lake, mwaka, na habari ya kazi ile kwenye kipande cha nguo, akishone nyuma juu ya bitana.