Rolf Sievert: Mtu aliyeipa mionzi kipimo

MGONJWA wa kifua kutoka Kalama anapopelekwa hospitalini mjini Machakos kupigwa picha ya eksirei, huambiwa avute pumzi na kuizuia, huku mhudumu akijificha nyuma ya ukuta. Wachache huuliza kwa nini anajificha. Jibu linahusu kwa kiasi kikubwa maisha ya Rolf Maximilian Sievert, mwanafizikia wa Sweden.

Sievert alizaliwa Stockholm Mei 6, 1896, miezi michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa nyaya, na kijana huyo angeweza kuishi kwa raha za urithi. Yeye akachagua mionzi.

Haikuwa kazi ya kuchezea. Madaktari waliitumia mionzi kutibu saratani, ilhali baadhi yao walipata vidonda visivyopona, wakakatwa vidole, na wengine wakafa kwa saratani hiyo hiyo. Vipimo vilikuwa vya kukisia.

Mwaka 1924 Sievert aliongoza maabara ya fizikia ya Radiumhemmet, hospitali ya saratani ya Stockholm. Huko alibuni chemba ndogo yenye hewa, iliyotiwa chaji ya umeme. Mionzi ikipenya, chaji hupungua, na upungufu huo ndio unaosomwa kama kipimo. Kifaa hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1937 alihamia Taasisi ya Karolinska, na kati ya 1956 na 1962 akawa mwenyekiti wa tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, wakati mataifa makubwa yakilipua mabomu ya nyuklia ya majaribio.

Kazi ya namna hii haina shangwe. Daktari humwonyesha mgonjwa aliyepona; mlinzi wa mionzi hana wa kumwonyesha, kwani ushindi wake ni mtu ambaye hakuugua. Hata hivyo Sievert, ambaye hakulazimika kufanya kazi ili apate mkate, alidumu humo kwa takriban miongo minne.

Alifariki Oktoba 3, 1966. Mwaka 1979 jina lake likawa kipimo cha kimataifa. Sievert moja ni nyingi mno, hivyo huhesabiwa kwa sehemu ya elfu, yaani milisievert. Picha ya kifua huwa takriban 0.1, udongo, miamba na anga humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Mhudumu aliye nyuma ya ukuta hapaswi kuzidi wastani wa 20 kwa mwaka, nayo beji ndogo kifuani pake ndiyo inayomhesabia.