Angie Brooks: Binti wa mhubiri maskini aliyeongoza Baraza Kuu la mataifa

JINA la Angie Brooks halitajwi sana siku hizi, hata na wale wanaofuatilia kwa karibu siasa za bara hili. Hata hivyo, katika orodha ya marais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, iliyoanza mnamo 1946, yeye ndiye mwanamke wa pekee kutoka Afrika. Aliingia katika orodha hiyo Septemba 16, 1969, na zaidi ya nusu karne baadaye hajapata mwenzake kutoka bara hili.

Mwanamke huyo alizaliwa Agosti 24, 1928, katika kijiji cha Virginia, Kaunti ya Montserrado, nchini Liberia. Alikuwa mtoto wa pili katika familia ya watoto tisa. Babake alikuwa mhubiri wa mashambani, na mapato yake hayakutosha kuwalisha wote, sembuse kuwasomesha. Kwa hivyo, kama ilivyokuwa desturi ya nchi hiyo, Angie alipelekwa mjini Monrovia kulelewa na mama mjane aliyejipatia riziki kwa kushona nguo.

Ili kumwelewa Angie Brooks ni sharti kwanza kuielewa Liberia. Taifa hilo la Afrika Magharibi liliundwa na watu weusi waliotoka Marekani, wengi wao wakiwa watumwa walioachiliwa huru, na likajitangazia uhuru mnamo Julai 26, 1847. Wakati sehemu kubwa ya Afrika ilipokuwa ikigawanywa na Wazungu, Liberia ilibaki na bendera yake. Lakini wazao wa walowezi hao, ambao walikuwa wachache mno, ndio walioshika serikali, mahakama na biashara, huku wenyeji walio wengi wakitazama kutoka pembeni. Kuanzia 1878 chama kimoja, True Whig, kilitawala bila kung'atuka. Katika jamii ya aina hiyo, mtoto wa mhubiri maskini alipaswa kujitafutia njia mwenyewe.

Angie alianza kuitafuta mapema. Akiwa na umri wa miaka 11 alijifunza mwenyewe kupiga taipu, akawa analipwa kwa kunakili hati za kisheria, na pesa hizo zikamsaidia kulipa karo. Aliolewa akiwa na miaka 14 tu na akajaliwa wana wawili wa kiume, lakini ndoa hiyo haikudumu. Msichana mwingine angekata tamaa. Yeye alirejea kwenye taipureta yake, akaajiriwa serikalini, kisha akawa karani wa kunukuu maneno ya kesi mahakamani.

Ni humo mahakamani, akiandika maneno ya wengine siku nenda siku rudi, ndimo alimoona jinsi sheria ilivyoweza kupindwa na jinsi ilivyoweza kumwokoa mnyonge. Akaazimia kuwa wakili. Liberia wakati huo haikuwa na chuo cha sheria. Aliyetaka kazi hiyo alijifunza chini ya wakili mwenye uzoefu. Angie alipokewa na Clarence Simpson, wakili mashuhuri aliyekuwa pia makamu wa rais wa nchi hiyo. Wengi walimcheka, kwani mwanamke kusimama mbele ya jaji kutetea kesi lilikuwa jambo geni. Wanawake wa Liberia waliruhusiwa kupiga kura mnamo 1946 pekee.

Kiu yake ya elimu haikuishia hapo. Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Shaw mjini Raleigh, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, lakini hakuwa na nauli. Inasimuliwa kwamba alijua njia aliyopitia Rais William Tubman katika matembezi yake ya asubuhi, akajitokeza mbele yake na kumweleza haja yake. Rais alimsikiliza, na safari ikapatikana.

Huko Raleigh aliosha vyombo, akafua nguo za watu, akafanya kazi katika maktaba na kuwahudumia wagonjwa ili aweze kujikimu. Wakati huo sheria za majimbo ya kusini ya Marekani ziliwatenga watu weusi katika mabasi, shule na mikahawa. Binti huyu kutoka nchi iliyojitawala kwa karne nzima hakuweza kuelewa kwa nini aketi nyuma ya basi, na inaelezwa kwamba alikataa. Alihitimu mnamo 1949, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Wisconsin ambako mnamo 1952 alipata shahada ya sheria na nyingine ya uzamili katika siasa na uhusiano wa kimataifa. Baadaye alisoma sheria zaidi mjini London.

Aliporejea nyumbani mnamo 1953 aliidhinishwa kuwa wakili wa Mahakama ya Juu na akateuliwa Msaidizi wa Mwanasheria Mkuu, wadhifa alioushikilia hadi 1958. Katika kipindi hicho alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Liberia na kusaidia kukiimarisha kitivo kilichokuwa kinaanza, ili vijana waliomfuata wasilazimike kupitia njia ndefu aliyopitia yeye. Kuanzia 1958 hadi 1972 alikuwa Waziri Msaidizi wa Mambo ya Nje.

Mlango wa diplomasia ulimfungukia mnamo 1954 alipojumuishwa katika ujumbe wa Liberia kwenye Umoja wa Mataifa, New York. Hapo ndipo alipopata wito wake. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ndiyo iliyoshughulikia nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni, na Angie Brooks alizama katika kazi yake. Alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati hiyo mnamo 1956 na mwenyekiti mnamo 1961, mwaka ambao Tanganyika, iliyokuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, ilipata uhuru wake.

Mwaka uliofuata kazi yake ilimleta karibu zaidi na Afrika Mashariki. Umoja wa Mataifa ulimkabidhi uenyekiti wa tume iliyoshughulikia Ruanda-Urundi, eneo lililokuwa chini ya Ubelgiji. Wengi katika umoja huo walitamani eneo hilo liwe taifa moja, na viongozi wa pande zote mbili walikutanishwa jijini Addis Ababa kulijadili jambo hilo. Mazungumzo hayo hayakuzaa muungano. Mnamo Julai 1, 1962, Rwanda na Burundi zilijinyakulia uhuru kila moja kivyake, huku maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wakiwa tayari wametawanyika katika nchi jirani. Lilikuwa somo chungu kwa kila aliyehusika: uhuru unaweza kutangazwa kwa siku moja, lakini amani haiji kwa tangazo.

Mnamo 1963 Raleigh ilimkumbusha jambo jingine. Alirudi katika mji huo aliosomea akiwa mwanadiplomasia anayeheshimika, mjumbe wa taifa huru, lakini mikahawa ilikataa kumhudumia kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kisa hicho kilitangazwa kote, kikawaaibisha wakuu wa Marekani waliokuwa wakijinadi duniani kuwa watetezi wa uhuru. Miaka mingi ya kuosha vyombo, shahada na vyeo havikumnunulia sahani ya chakula mezani.

Nyota yake iliendelea kung'aa. Mnamo 1964 aliongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa chini ya udhamini wa Marekani, na mnamo 1966 akawa rais wa Baraza la Udhamini. Kati ya 1964 na 1967 aliongoza pia shirikisho la kimataifa la mawakili wanawake, ambalo Wakenya wanalifahamu vyema kwa jina FIDA.

Hatimaye ikafika zamu ya Afrika kutoa rais wa Baraza Kuu. Waafrika wawili walikuwa wamemtangulia: Mongi Slim wa Tunisia mnamo 1961 na Alex Quaison-Sackey wa Ghana mnamo 1964. Mwanamke aliyemtangulia alikuwa mmoja tu, Vijaya Lakshmi Pandit wa India, mnamo 1953. Angie Brooks alichaguliwa akiwa na umri wa miaka 41 kuongoza kikao cha 24, wakati umoja huo ulipokuwa na wanachama 126.

Wajumbe waliotarajia hotuba ya shukrani na sifa walipata pia karipio. Rais huyo mpya aliwaambia waziwazi kwamba heshima ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ikififia, na kwamba kosa lilikuwa lao. Walikuwa wamezoea kudhani kwamba tatizo likiandikiwa azimio basi limetatuliwa. Makaratasi yalikuwa yakirundikana, hotuba zikirefushwa, na wanaoteseka wakibaki walivyo. Haikuwa kawaida kwa rais wa Baraza Kuu kusema hivyo siku ya kwanza ya kazi.

Kikao chenyewe kilithibitisha maneno yake. Mnamo Aprili mwaka huo viongozi wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wamekutana jijini Lusaka na kutoa ilani kuhusu nchi za kusini mwa Afrika zilizokuwa bado chini ya utawala wa Wazungu wachache. Walisema wangependelea mazungumzo kuliko umwagaji wa damu, lakini njia ya amani ikizibwa wangewaunga mkono wapiganiaji uhuru. Novemba 20, 1969, chini ya uenyekiti wa Angie Brooks, Baraza Kuu liliipokea Ilani ya Lusaka kwa kura nyingi mno, huku Afrika Kusini na Ureno zikipinga. Lilikuwa azimio zuri. Lakini tawala zilizolengwa hazikutikisika, na mnamo Oktoba 1971 viongozi wa kanda hiyo walikutana Mogadishu na kukubaliana kwamba njia iliyobaki ilikuwa mtutu wa bunduki.

Alikabidhi kiti kwa Edvard Hambro wa Norway mnamo Septemba 1970. Mnamo 1975 akawa balozi wa kudumu wa Liberia katika Umoja wa Mataifa, na mnamo 1977 Rais William Tolbert, aliyemrithi Tubman, alimteua jaji wa Mahakama ya Juu. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameketi katika mahakama hiyo kabla yake. Karani wa zamani aliyenukuu maneno ya majaji sasa alikuwa akinukuliwa yeye.

Hapa ndipo maisha yake yanapozua swali ambalo sifa zake nyingi haziwezi kulifuta. Kwa zaidi ya miaka 20 Angie Brooks alisimama New York kutetea haki ya walio wengi kujitawala. Lakini serikali aliyoitumikia nyumbani ilikuwa ya wachache na ya chama kimoja. Alitoka katika familia isiyo na kitu, akajua vyema jinsi milango ilivyokuwa migumu kufunguka, lakini alipanda ngazi kwa hisani ya wale wale walioishikilia milango hiyo. Yawezekana aliamini kwamba sheria na elimu zingeibadilisha Liberia polepole kutoka ndani. Muda haukumsubiri.

Aprili 14, 1979, wakazi wa Monrovia waliandamana kupinga mpango wa kupandisha bei ya mchele, na makumi wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 12, 1980, wanajeshi wa vyeo vya chini wakiongozwa na Samuel Doe walivamia ikulu na kumuua Tolbert. Siku kumi baadaye wakuu 13 wa serikali iliyopinduliwa walipigwa risasi ufuoni mwa bahari mbele ya umati. Miongoni mwao alikuwa Jaji Mkuu James Pierre, aliyeketi naye katika mahakama moja, na Cecil Dennis, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje alipokuwa balozi. Utawala uliodumu kwa zaidi ya miaka 100 ulimalizika, na ujaji wake ukamalizika nao.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko yaliyotangulia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mnamo 1989 na, isipokuwa kwa kipindi kifupi cha utulivu, havikuisha hadi 2003. Nchi iliyowahi kuongoza mataifa ya dunia sasa ilikuwa ikisubiri wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waje kuinusuru.

Aliishi kuona mapambazuko. Mnamo Januari 2006 Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa kuwa rais wa Liberia, mwanamke wa kwanza barani Afrika kuchaguliwa kuongoza nchi kwa kura za wananchi. Mwaka huo huo Haya Rashed Al Khalifa wa Bahrain alichaguliwa rais wa Baraza Kuu, mwanamke wa kwanza tangu Angie Brooks, miaka 37 baadaye. Jaji huyo mstaafu alifariki Septemba 9, 2007, nchini Marekani akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa nchini kwake. Aliacha pia watoto wengi wasio wake wa kuzaa, aliowalea na kuwasomesha kama alivyolelewa yeye na mjane wa Monrovia.

Jijini humo kuna kituo kinachoitwa kwa jina lake, kilichozaliwa na kongamano la wanawake la mwaka 2009. Wakati wa uchaguzi wa Liberia wa 2011, kituo hicho kilianzisha utaratibu wa wanawake kukaa pamoja, kupokea taarifa za vitisho kutoka mashinani na kuwapigia simu wakuu wa polisi na wa vyama kabla cheche haijawa moto. Utaratibu huo ulitumiwa pia nchini Kenya katika uchaguzi wa 2013, miaka mitano baada ya ghasia zilizogharimu maisha ya zaidi ya watu 1,000.

Wanawake waliopokea simu hizo jijini Nairobi huenda wengi wao hawakulijua jina la Angie Brooks. Lakini kazi waliyoifanya ndiyo aliyowadai wajumbe wa mataifa 126 mnamo 1969: kumfikia anayetishiwa kabla hajaumia, badala ya kumwandikia azimio baadaye.